Ardhi Iliyopimwa kwa Kila Haja Isipokuwa ya Mkulima

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kwale, Waheshimiwa Wajumbe wa Bunge la Kaunti, na wakuu wa Idara ya Kilimo

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa niyalete mbele yenu, kwa njia hii ya hadharani, maneno ya mkulima wa Galu asiye na cheo wala shahada, bali mwenye konde la ekari tatu baina ya bahari na barabara ya Lunga Lunga, na mwenye hoja moja aliyoibeba kifuani misimu kadhaa hata akaona kuwa kuendelea kuinyamazia ni kuidhulumu. Hoja yenyewe ni kwamba ardhi ya kusini mwa pwani yetu imepimwa na watu wengi kwa haja nyingi, lakini haijapimwa kwa ukaribu unaomfaa yule anayeipandia chakula. Na madhali haijapimwa hivyo, tunashauriwa kuitibu kwa dawa iliyoandikiwa ardhi nyingine, ya milimani, kwenye baridi na ukungu, ambayo udongo wake na huu wetu hata ujamaa hawana.

Tazameni jinsi tulivyopimwa. Katika miaka ya 1990 walikuja wataalamu wa kampuni ya Kanada wakaitoboa michanga ya Maumba na Nguluku shimo kwa shimo, na mchanga wa kila kina ukatiwa mizanini, hata ikajulikana bayana, kabla ya jembe la kwanza la mgodi kugusa nchi, ni kiasi gani cha madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni kilicholala chini ya mikorosho na minazi ya watu. Mgodi ukafunguliwa, shehena ya kwanza ikapakiwa Likoni mwaka 2014, na mwisho wa mwaka 2024, hazina ile iliyopimwa ilipokwisha kuchotwa, mgodi ukafungwa. Mlima wa Mrima nao ulianza kutobolewa tangu miaka ya 1950, kwa kutafutwa madini ya niobiamu. Na huku kwetu Diani na Galu, viwanja vya ufukoni vimepimwa hatua kwa hatua, kila pembe na jiwe lake la mpaka, kwa kuwa kila hatua ina bei. Siwalaumu waliopima, maana mwenye haja ndiye apimaye, na aliyepima ndiye aliyejua alichokuwa akikitafuta. Nauliza tu kwa nini haja ya muhogo, ya mahindi, ya mnazi na ya mkunde haikuhesabiwa miongoni mwa haja zinazostahili mizani.

Nami nisije nikadhaniwa kuwa nasema kwa kusikia, nitaeleza yaliyonipata. Miaka michache iliyopita nilipewa shauri, wala sitaitaja afisi lilikotoka kwani aliyelitoa alilitoa kwa nia njema, kwamba nitie mbolea ya DAP wakati wa kupanda na CAN ya kukuzia mahindi yakifika magotini, gunia kwa kadiri ya ekari, konde zima sawasawa. Konde langu, waheshimiwa, si moja. Upande wa mashariki ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo mwembamba, ambapo jembe likishuka kidogo tu hulia. Na upande wa magharibi ni mchanga wa kijivu ambao hata ukichimba kwa mkono mtupu hufika kiwikoni bila ya kukutana na kitu kigumu. Nikatii, nikatia kote kwa kipimo kimoja. Upande wa jiwe, mahindi yalitoka na majani machanga ya juu yaliyopauka baina ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani, hata kila jani likawa kama kitambaa cha milia. Upande wa mchanga yalistawi kwa majuma matano, mtu akipita akinipongeza. Kisha masika ikamwaga siku tatu mfululizo, na baada ya siku kumi majani ya chini yakaanza kugeuka manjano kutoka nchani, umanjano ukifuata ubavu wa kati kwa umbo la kabari, mpaka yakakauka. Rangi ilikuwa moja, lakini maradhi mawili. Bibi mmoja jirani, ambaye hajaingia darasani hata siku moja, akasimama kwenye ua akaangalia, akaniambia, "Mwanangu, wapelekea bahari chumvi?"

Ilinichukua muda mrefu kuyaelewa maneno yake. CAN ni naitrojeni iliyochanganywa na chokaa. Mimi niliipeleka chokaa kwenye jiwe ambalo lenyewe ni chokaa tupu. Udongo wa namna ile una alkali nyingi, na katika alkali nyingi chuma na zinki huwamo lakini hujifunga, mzizi ukawa kama mtu mwenye kiu aliyezungukwa na maji ya bahari. Fosforasi ya DAP nayo hushikana na chokaa ikawa haimfikii mmea ila kwa taabu. Kwenye mchanga mambo ni kinyume: hapana kinachozuia, na kwa sababu hiyo hapana kinachohifadhi. Mchanga usio na mboji hauna mikono ya kushika naitrojeni, kwa hiyo mvua ya siku tatu iliichukua ikaiteremsha chini ya mizizi, kuelekea visimani na baharini, nami nililipia gunia zima ili kuurutubisha mwani.

Sasa tuulize shauri lile lilizaliwa wapi. Nchi yetu iliukusanya ujuzi wake wa kilimo aghalabu katika nyanda za juu, Kiambu na Murang'a, Kirinyaga na Meru, Kericho na Kisii, ambako milima ya zamani iliyotema moto iliacha udongo mwekundu wenye kina kirefu na mfinyanzi mwingi, ambao mvua za miaka isiyo na idadi zimeutia uchachu. Udongo ule una tabia ya kuikamata fosforasi kwa chuma chake na alumini yake, na katika sehemu nyingi huhitaji chokaa ili uchachu upungue. Mshauri anayesema huko "tieni fosforasi kwa wingi, tieni na chokaa" hasemi upuuzi, bali asema kweli inayotokana na mahali. Kosa huanza kweli ile ikipandishwa gari ikateremshwa Kwale bila ya kuulizwa kama hewa ya hapa inaifaa.

Nao watu wa milimani, ijapokuwa udongo wao unasifiwa, hawakuridhika na sifa. Katika wilaya ya Kisii ya zamani, nchi ambayo mgeni akiitazama husema hapa pana neema isiyokwisha, watafiti waliweka hesabu ya kinachoingia shambani na kinachotoka, kama mwenye duka anavyofunga daftari, na hesabu yao iliyochapishwa mwaka 1993 ikaonyesha kwamba kila hekta ilikuwa ikipoteza kwa mwaka kilo 112 za naitrojeni na kilo 70 za potasiamu. Uhabeshi, yaani Ethiopia, nako, katika nyanda zake baridi, mkulima alikuwa amezoeshwa kwa miaka mingi mbolea aina mbili tu, DAP na yurea, mpaka serikali ilipoanza mwaka 2012 kuzipima wilaya moja baada ya nyingine na kuzichorea ramani. Ikadhihirika kwamba mashamba mengi yalikuwa na njaa ya salfa, ya zinki na ya boroni, vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akivitia kwa sababu hakuna aliyejua kuwa havimo. Ikiwa nchi ya milima, yenye udongo wa kuhusudiwa, imegundua kwamba ilikuwa ikijitibu kwa kubahatisha, sembuse sisi wa mchanga na jiwe?

Fauka ya hayo, maarifa ya kuusoma udongo kwa ramani yalipata mojawapo ya misingi yake mikubwa si mbali na hapa. Ng'ambo ya mpaka, nyuma ya Vanga, iko milima ya Usambara, na katika milima hiyo pana mahali paitwapo Amani, ambapo Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Hapo alifanya kazi mwanakemia wa udongo, Geoffrey Milne, ambaye katika kutembea kwake aliona jambo ambalo wakulima wameliona tangu jadi lakini wataalamu walikuwa hawajalipa jina: kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni ni mbalimbali, na kwamba mpangilio huo hurudiwa kilima baada ya kilima kama shanga katika uzi. Akauita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, akalitangaza mwaka 1935. Na mwaka 1936 ikatoka ramani yake ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki. Milne alifariki mwaka 1942, lakini neno lake limeenea katika vitabu vya udongo vya ulimwengu mzima. Alhasili, dunia ilijifunza jambo hili kwa jirani zetu.

Basi na tuushike mnyororo huo hapa Galu, tutembee nao asubuhi moja, mikononi jembe na ndoo. Tunaanza ufukoni, penye mchanga mweupe ambao asili yake ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Tukipita mivinje tunapanda jiwe la matumbawe, mwamba wa kale uliokuwa fungu la bahari kabla ya maji kushuka, na juu ya mwamba huo umesimama msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, ambao pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Tukiivuka barabara tunaingia katika mchanga wa kijivu uliotuama zamani nyuma ya miamba, nchi ya minazi na muhogo. Tukizidi kwenda magharibi nchi huinuka kidogo na mchanga hugeuka mwekundu, ule unaoitwa na wajuzi wa miamba mchanga wa Magarini, ambao mikorosho na miembe huupenda. Kisha huja Milima ya Shimba, karibu mita 400 juu ya bahari, yenye mawe ya mchanga na udongo uliokwisha kuoshwa na mvua. Mtu mwenye miguu mizuri huweza kutoka pwani asubuhi akafika milimani jioni, na katika siku hiyo moja amekanyaga nchi tano. Lakini gunia la mbolea alilobeba begani, na karatasi ya maelezo aliyopewa nalo, ni vilevile kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari.

Naomba tusimame kidogo pale Kaya Kinondo, maana pana somo lisilohitaji maabara. Mgeni akiona miti mikubwa vile juu ya jiwe hudhani kuwa jiwe ndilo lenye rutuba. Rutuba ya msitu ule haimo jiweni, imo katika majani yanayoanguka, yakaoza, yakaliwa tena na mizizi iliyotandaa juujuu, bila ya kupotea. Ndiyo maana wazee walikataza mtu asitoke kayani na hata kijiti. Na katazo hilo, ambalo wengine walilidhani ushirikina, kwa mwenye kuufahamu udongo ni hesabu sahihi ya kinachoingia na kinachotoka. Walioifyeka misitu kama ile juu ya jiwe kama lile walivuna vizuri msimu wa kwanza, wakavuna wastani wa pili, kisha wakabaki na jiwe.

Itasemwa kwamba ramani zipo, nami sikani. Mwaka 1978 Shirika la Uchunguzi wa Udongo la Kenya lilitoa taarifa juu ya udongo wa eneo la Kwale, Mombasa na Lunga Lunga, kazi ya watu waliotembea kwelikweli. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt wakaugawa ukanda wetu kwa kanda za kilimo, ukiwemo ukanda wa nazi na muhogo na ukanda wa korosho na muhogo, majina ambayo hata mtoto wa Galu atayaelewa. Mwaka 1982 ikatoka ramani ya udongo wa nchi nzima, ya kipimo cha moja kwa milioni. Lakini katika kipimo hicho sentimita moja ni kilomita kumi, na zile nchi tano tulizozikanyaga kutwa nzima hazizidi sana upana wa gumba. Mkulima akitafuta konde lake hapo ni kama mtu atafutaye nyumba yake kwa kuutazama mwezi. Siku hizi ipo pia ramani iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti na hesabu za mashine, iitwayo iSDAsoil, iliyoligawa bara zima kwa miraba ya mita 30, nayo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, nayo ni makisio, na makisio hupata insafu yake pale tu mtu anapokwenda mahali palipokisiwa, akachimba, akapima, akasema ndivyo au sivyo.

Wala msidhani kwamba kazi hii ni ya kigeni kwa lugha yetu. Huko Unguja na Pemba, wataalamu walipoupima udongo katika zama za ukoloni, hawakuona haja ya kubuni majina; waliyachukua yale waliyoyakuta vinywani mwa wakulima, kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni, wakayaandika katika taarifa zao kuwa majina rasmi ya aina za udongo. Mkulima wa kule alipoambiwa kuwa shamba lake ni kinamo, hakuhitaji mkalimani. Kwetu hapa vilevile wapo wazee, Wadigo na wengineo, ambao humwambia mtu tabia ya konde kwa kulitazama gugu lililoota: kiduha likikaba mahindi wanajua udongo umechoka, na ndago ikijaa wanajua yaliyoko chini. Ramani yoyote itakayochorwa bila ya kuwauliza hao itakuwa imeanza kazi kwa kutupa nusu ya ilimu iliyopo bure.

Sasa niseme jinsi upimaji ufanywavyo, ili isije ikadhaniwa kuwa naomba jambo la muhali. Mtu hutembea kondeni kwa kwenda mshazari huku na huku, akachukua udongo mahali kumi na tano hivi au ishirini, kila mahali kwa kina cha sentimita 20, akiepuka palipochomwa taka, palipolala ng'ombe, na kwenye kichuguu. Huutia katika ndoo ya plastiki iliyo safi, si ya bati, kwa sababu bati huacha zinki yake ikaharibu jibu. Huuchanganya, akatoa nusu kilo, akaianika kivulini, akaifunga na kuandika jina la konde, kina na tarehe. Upande wa jiwe na upande wa mchanga hauchanganywi asilani. Kazi hiyo yaweza kufundishwa vijana wa kijiji kwa siku moja.

Palipo na uzito ni maabara, nako kuna jambo dogo ambalo nawasihi wakuu wa Idara walizingatie. Njia ya kupima fosforasi kwa asidi, ambayo huufaa udongo mchachu wa milimani, haiaminiki katika udongo wa matumbawe, kwa kuwa chokaa huimaliza nguvu asidi kabla haijafanya kazi yake. Kwa udongo kama huo ipo njia ya bikaboneti, iliyotangazwa na Sterling Olsen na wenzake huko Marekani mwaka 1954. Kwa hiyo hata tukipimwa, tukipimwa kwa kipimo cha milimani tutapewa jibu la milimani. Na kuhusu gharama, teknolojia imerahisisha: kule Gigiri, Nairobi, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu kimekuwa kikitumia kwa miaka mingi mwanga usioonekana kwa macho kukisia tabia nyingi za udongo kwa dakika chache, na sampuli chache tu katika nyingi ndizo zinazohitaji kupimwa kwa dawa ili kuuthibitisha mwanga. India nayo, nchi ya wakulima wadogo kama sisi, ilianzisha mwaka 2015 kadi ya afya ya udongo, ambapo katika nchi isiyo ya umwagiliaji sampuli moja huchukuliwa kwa kila hekta kumi, na mkulima akapewa kadi yenye vipimo kumi na viwili na shauri la mbolea inayomfaa.

Nami nahofia kwamba tukipimwa tutaona upungufu ambao magunia tunayoletewa hayaujui kabisa. DAP ina sehemu 18 za naitrojeni na 46 za fosfeti katika mia, na potasiamu hata chembe; CAN vilevile haina. Lakini mnazi ni mlaji mkubwa wa potasiamu, na muhogo huichukua kwa wingi katika viazi vyake, ambavyo sisi huving'oa na kuvipeleka sokoni Ukunda. Makumbi ya nazi, ambamo potasiamu hukaa, huyauza au kuyachoma jikoni na majivu tukayamwaga nyuma ya nyumba. Majivu hayo yangerudishwa mchangani yangekuwa mbolea. Yakitiwa upande wa jiwe yangeongeza alkali juu ya alkali. Hata jambo dogo kama kwamba majivu yaenda upande gani wa ua, waheshimiwa, lahitaji ujuzi wa udongo.

Naomba, basi, mambo manne. Kwanza, mwanzishe uchoraji wa ramani ya rutuba wadi kwa wadi, mkianzia Kinondo, Ramisi na Gombato Bongwe, ambako aina za udongo zimebanana sana, na ramani hiyo ifuate mnyororo wa udongo wala isifuate mipaka ya kura. Pili, paanzishwe ndani ya kaunti maabara ndogo yenye vipimo viwili, cha udongo mchachu na cha udongo wa chokaa, chini ya uangalizi wa wataalamu wa udongo wa Kabete, Nairobi, ili sampuli ya Galu isilazimike kusafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda kutafuta jibu. Tatu, jibu liandikwe kwa Kiswahili, lipewe mwenye konde, na muhtasari wa kila kijiji ubandikwe kwenye baraza la chifu, ili lisiwe siri ya afisi. Nne, mbolea ya ruzuku, ambayo serikali kuu iliiteremsha mwaka 2023 hadi shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, iagizwe kwa kufuata ramani. Kwani mbolea halali iliyotiwa pasipokuwa mahali pake haina tofauti kubwa, kwa mfuko wa mkulima, na ile bandia iliyozusha kelele nchini mwaka 2024.

Atakayesema kwamba fedha hakuna, namjibu kwa adabu kwamba fedha zipo na tayari zinatumika, ila zinaishia chini ya mchanga. Na hazipotei peke yake. Mbele ya makonde yetu iko hifadhi ya bahari ya Diani na Chale, iliyotangazwa mwaka 1995, na wavuvi, mahoteli na waongoza wageni wote hula kutokana na matumbawe yake. Naitrojeni inayopenya katika mchanga na nyufa za mwamba huko ndiko iendako, kuulisha mwani unaoyafunika matumbawe yaliyo hai. Kuupima udongo wa Galu ni kuichunga bahari ya Galu. Wala hapana haja ya kungoja Nairobi, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliukabidhi ukulima kwa kaunti. Amana hiyo mnayo nyinyi.

Yule bibi jirani yangu bado analima. Msimu uliopita sikutia gunia upande wa jiwe. Nilifuata shauri lake nikapanda kunde baina ya mawe na kuyaacha majani yaoze palepale, na upande wa mchanga niliigawa mbolea ya kukuzia mara tatu badala ya mara moja, kidogokidogo baada ya kila mvua. Mavuno yalikuwa afadhali, lakini sijui kwa hakika ni kwa sababu gani, na asiyejua sababu hawezi kumfundisha jirani yake.

Basi nimefanya niliyoweza. Nimechukua udongo mahali kumi na nane upande wa mashariki na kumi na nane upande wa magharibi, nimeuchanganya katika ndoo mbili, nimeuanika kivulini chini ya mwembe, na mifuko miwili ya nusu kilo iko juu ya meza ninapoandika barua hii, kila mmoja umeandikwa jina, kina na tarehe. Niambieni niipeleke wapi.

Wassalaam,

Mkulima wa Galu, Kinondo